Kabla ya kubadili itifaki, tazama kiongozi wako anakaa wapi

Swali: Tunaendesha huduma ya leja ya malipo kwenye seva tano zinazotumia Raft, itifaki ya kuzifanya seva zikubaliane juu ya kila andiko chini ya kiongozi mmoja. Mbili ziko Dar es Salaam, moja Nairobi na mbili Johannesburg, na wateja wetu karibu wote wako Dar es Salaam. Kila muamala huchukua takriban milisekunde 130 kuthibitishwa, na mara kadhaa kwa siku huduma nzima husimama kwa sekunde mbili hivi. Nimepima safari ya pakiti kwenda na kurudi: Dar es Salaam na Nairobi ni milisekunde 15, Dar es Salaam na Johannesburg 55, Nairobi na Johannesburg 60. Diski zetu huchukua milisekunde 10 kukamilisha andiko. Muda wa kuitisha uchaguzi, yaani muda ambao seva husubiri bila kumsikia kiongozi kabla ya kugombea, tumeuweka kati ya milisekunde 150 na 300, kama ilivyo kwenye makala ya Raft yenyewe. Je, tuhamie itifaki nyingine kama EPaxos au Fast Paxos? Mwenzangu anashauri tuzime fsync, amri ya kungoja hadi andiko lifike kweli kwenye diski, kwa kuwa tayari tuna nakala tano.

Jibu: Ndugu muulizaji, umenirahisishia kazi kwa kuleta vipimo. Wengi huniletea jina la itifaki wanayoitamani na kuacha nyumbani umbali wa seva zao, ilhali ni umbali huo ndio unaoamua karibu kila kitu. Nitaanza na milisekunde zako 130, kwa sababu zinajieleza zenyewe zikijumlishwa.

Katika Raft, ombi la mteja hufika kwa kiongozi. Kiongozi huliandika kwenye logi yake, yaani daftari la maandiko kwa mpangilio, hulituma kwa wafuasi, hungoja akidi itimie, yaani seva tatu kati ya tano zikiwa pamoja na yeye mwenyewe, ndipo humjibu mteja. Chukua mteja aliyeko Dar es Salaam na kiongozi aliyeko Johannesburg. Kumfikia kiongozi na kurudi ni 55. Kiongozi kuandika kwenye diski yake kwanza ni 10. Jirani yake wa Johannesburg humjibu mara moja, lakini hao ni wawili tu na akidi bado haijatimia. Wa tatu aliye karibu zaidi yuko Dar es Salaam, hivyo ni 55 nyingine, na diski ya huyo wa tatu ni 10. Jumla ni 130 kamili. Hukuniambia kiongozi wako anakaa wapi, lakini hesabu imemtaja.

Sasa mhamishie kiongozi huyo Dar es Salaam bila kugusa kitu kingine chochote. Mteja humfikia kwa milisekunde moja hivi. Akidi inatimia kwa yeye mwenyewe, jirani yake wa hapo hapo, na seva ya Nairobi: 15 za njia na 10 za diski ya Nairobi. Ikiwa programu yako inamruhusu kiongozi kutuma kwa wafuasi wakati ule ule anapoandika kwenye diski yake, badala ya kumaliza kimoja ndipo aanze kingine, zile 10 zake humezwa ndani ya muda wa kungoja Nairobi. Hilo halivunji usalama wa Raft. Diego Ongaro, mmoja wa wabunifu wa Raft, alilieleza waziwazi katika tasnifu yake ya Stanford ya mwaka 2014, akaongeza kwamba kiongozi anaweza hata kuthibitisha andiko kabla ya diski yake mwenyewe kumaliza, mradi wafuasi wa kutosha wamekwisha kuandika. Unabaki na milisekunde 26 au 27. Ni punguzo la zaidi ya milisekunde 100 kwa amri moja ya kuhamisha uongozi, amri ambayo programu nyingi za Raft zinayo. Kwenye etcd, hifadhidata inayotumia Raft, kwa mfano, huitwa move-leader.

Hata hivyo, ukimhamisha leo na kwenda kulala, kesho utamkuta Johannesburg tena. Hapa ndipo zile sekunde mbili za kusimama zinapohusika, kwa maana ninaamini una ugonjwa mmoja unaoonyesha dalili mbili.

Muda wa uchaguzi wa milisekunde 150 hadi 300 ulitolewa na Ongaro na John Ousterhout katika makala yao ya mwaka 2014 kwa ajili ya seva zilizo kwenye mtandao wa jengo moja, ambamo ujumbe huenda na kurudi kwa sehemu ya milisekunde. Masharti yao halisi yalikuwa kwamba muda wa kusambaza ujumbe uwe mdogo mara nyingi kuliko muda wa uchaguzi. Wewe umechukua namba ukaliacha sharti. Tazama linalotokea kwa mfuasi wa Johannesburg wakati kiongozi yuko Dar es Salaam na anatuma mapigo, yaani ujumbe mfupi wa kuonyesha kwamba yu hai, kila milisekunde 100. Pakiti moja ya mapigo inapotea njiani, jambo la kawaida kabisa katika njia ya maelfu ya kilomita. TCP ya Linux, yaani sehemu inayosafirisha pakiti na kutuma upya zilizopotea, inapotegemea saa yake ya kutuma upya, haishuki chini ya milisekunde 200 za kungoja. Matoleo ya karibuni yana mbinu za kugundua upotevu mapema zaidi, lakini nayo yanahitaji kuona pakiti za baadaye zikijibiwa, na kila jibu ni safari nyingine ya 55. Pigo linalofuata limeshafika kwenye mashine, lakini TCP hupanga data kwa foleni, hivyo linasubiri nyuma ya lile lililopotea. Kwa mfuasi, ukimya ulianza tangu pigo la mwisho lililofika salama, yaani 100 za kawaida na juu yake muda wote wa kutuma upya. Saa yake ya uchaguzi, iliyopangwa kwa bahati nasibu kati ya 150 na 300, inalia. Anapandisha muhula, yaani namba ya awamu ya uongozi, anajitangaza mgombea, na kiongozi aliye mzima wa afya, akiuona muhula mkubwa kuliko wake, analazimika kujiuzulu.

Sasa jiulize nani hupatwa na hayo mara nyingi zaidi. Si jirani wa Dar es Salaam, wala si Nairobi. Ni wale wawili walio mbali kuliko wote. Wagombea wako wengi hutoka Johannesburg, na logi zao zikiwa hazijapitwa wakati ule, hushinda. Kura zikigawanyika, uchaguzi hurudiwa, na hapo ndipo sekunde zako mbili zinapokwenda. Uchaguzi ukitulia, kiongozi mpya yuko umbali wa 55 kutoka kwa wateja wako, na ile hesabu ya 130 inaanza upya.

Tiba yake ina sehemu mbili. Kwanza, pandisha muda wa uchaguzi. Kanuni inayotumika kwenye etcd ni kwamba mapigo yakaribiane na safari ndefu kuliko zote za kwenda na kurudi, na muda wa uchaguzi uwe angalau mara kumi ya safari hiyo. Thamani zake za msingi ni milisekunde 100 na 1,000, na kwa mtandao wako zinatosha. Gharama yake ujue mapema: kiongozi akifa kweli, utangoja sekunde moja na kitu kabla ya mwingine kupatikana. Lakini linganisha kifo cha kweli, ambacho pengine hutokea mara chache kwa mwaka, na vifo vya uongo unavyovishuhudia kila siku.

Pili, washa kile kinachoitwa PreVote, kura ya awali. Mfuasi anayeona ukimya huuliza kwanza wenzake kama wangempa kura, bila kupandisha muhula. Na wenzake, wakiwa wamesikia mapigo ya kiongozi hivi punde, humkatalia. Katika mpangilio wako, wawili wa Johannesburg wakipotewa na pakiti, watatu waliobaki watawaambia kwamba kiongozi yupo na kazi inaendelea, nao watarudi kimya. Baada ya hapo weka kazi ndogo ya kukagua kiongozi ni nani kila dakika moja na kumrudisha Dar es Salaam endapo amehama. Si jambo la kifahari, lakini nimeona likifanya kazi kwa miaka bila kuguswa.

Huenda ukauliza kama kumkalisha kiongozi Dar es Salaam kunapunguza uhimili wa hitilafu. Hapana, mahali anapokaa kiongozi hakubadilishi idadi ya akidi. Ukipoteza Johannesburg yote, wamebaki watatu na kazi inaendelea kwa kasi ile ile. Ukipoteza Nairobi, akidi itabidi ikamilishwe na Johannesburg na utapanda hadi milisekunde 65 hivi. Ukipoteza Dar es Salaam, Nairobi na Johannesburg watachagua kiongozi wao. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika kwa wakati mmoja, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama ile, mfumo unaomtegemea kiongozi wa Johannesburg kwa wateja wa Dar es Salaam unakumbwa moja kwa moja, ilhali ule wenye kiongozi Dar es Salaam na njia ya nchi kavu hadi Nairobi una nafasi nzuri ya kuendelea. Hakikisha tu kwamba mtoa huduma wako kweli anapitisha data ya Dar es Salaam na Nairobi nchi kavu. Mikataba husema mengi. Amri ya traceroute, inayoonyesha njia ya pakiti, husema kweli.

Kutoka 26 hadi wapi, basi? Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam na Nairobi zimeachana kwa kilomita 670 hivi kwa mstari ulionyooka, hivyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 6.7 hata ukiajiri malaika. Wewe unapata 15, na tofauti hiyo ni mzunguko wa nyaya na vifaa vya katikati. Ukipata njia fupi utaokoa milisekunde chache. Mahali penye mavuno zaidi sasa ni diski.

Milisekunde 10 ni dalili ya diski ya kuzunguka, au ya diski ya chipu ya bei ya kawaida iliyochoka. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, na kichwa chake hakina budi kungoja sehemu sahihi ipite chini yake. Diski za seva zenye kapasita, ambazo umeme ukikatika zina akiba ya kutosha kumaliza kuandika kilichomo kwenye kumbukumbu yao, hujibu fsync kwa muda ulio chini sana ya milisekunde moja, kwa kuwa zina haki ya kusema "nimeandika" mara data inapoingia kwenye kumbukumbu hiyo. Badilisha diski za Dar es Salaam na Nairobi, na 26 yako itashuka hadi 16 au 17. Logi ya Raft uipe diski yake pekee. Ikichangia diski moja na hifadhidata inayosafisha majedwali yake usiku, utapata ucheleweshaji wa ajabu usiku ambao hutauona mchana.

Pamoja na diski, tazama mafungu. Ikiwa kila muamala hungoja fsync yake peke yake kwa milisekunde 10, kikomo chako ni miamala 100 kwa sekunde, na siku ya mishahara foleni itajaa hata kama mtandao ni mwepesi. Kiongozi anapokusanya maombi yote yaliyofika wakati diski ikishughulika, akayaandika kwa fsync moja na kuyatuma kwa ujumbe mmoja, foleni huisha. Wengine hudhani kukusanya mafungu lazima kuongeze kungoja. Huongeza pale tu unapoweka saa ya kusubiri fungu lijae. Ukichukua kilichopo na kuondoka, bila kusubiri, hakuna anayecheleweshwa. Vilevile ruhusu kiongozi atume fungu la pili kabla ya majibu ya la kwanza kurudi.

Niongeze jambo dogo lililowahi kunipotezea wiki nzima. Katika mfumo mmoja tuliokuwa tukiuchunguza, takriban kila ombi la kumi lilichelewa kwa milisekunde 40, si 39 wala 45. Ucheleweshaji unaorudia namba ile ile ni nadra kutoka kwenye mtandao. Mara nyingi ni saa ya mtu fulani. Ilikuwa ni ule ugomvi wa zamani kati ya algorithimu ya Nagle, inayozuia vipande vidogo vya data visitumwe hadi vya awali vijibiwe, na upande wa pili unaochelewesha jibu kwa matumaini ya kulituma pamoja na data nyingine. Kuwasha TCP_NODELAY kulimaliza kesi. Programu zilizoandikwa kwa Go huiwasha zenyewe. Za lugha nyingine, kagua.

Sasa nije kwenye itifaki ulizozitaja, maana hazistahili kudharauliwa. Nasema tu kwamba zinatatua tatizo ambalo si lako.

Fast Paxos, aliyoieleza Leslie Lamport katikati ya miaka ya 2000, humruka kiongozi: mteja hutuma ombi moja kwa moja kwa seva zote. Malipo ya kuruka huko ni akidi kubwa zaidi. Kwa seva tano, akidi ya haraka ni nne badala ya tatu, ili hata maombi mawili yakigongana bado ijulikane lipi huenda lilikwisha kuchaguliwa. Hesabu nne zilizo karibu na mteja wa Dar es Salaam: mbili za hapo, Nairobi, na ya nne haina budi kuwa Johannesburg. Utalipa 55 kila mara, mahali ambapo Raft yenye kiongozi Dar es Salaam hulipa 15. Kwa ramani yako, itifaki yenye jina la haraka ndiyo ya polepole.

EPaxos, iliyotoka Carnegie Mellon mwaka 2013, inavutia zaidi. Kila seva inaweza kuongoza maombi ya wateja wake, na kwa seva tano akidi yake ya haraka ni tatu tu, ilimradi maombi yasigongane. Mteja wa Nairobi angelipa safari ya 15 badala ya 30, na wa Johannesburg 55 badala ya 70. Mteja wa Dar es Salaam angelipa 15, sawa na sasa. Nawe umesema wateja wako karibu wote wako huko. Isitoshe, leja ya malipo ina akaunti ambazo kila mtu huzigusa, kama vile akaunti ya ada au ya mtoa huduma mkubwa. Miamala miwili inayoigusa akaunti moja hugongana, na mgongano huongeza duru ya pili ya mazungumzo. Hata baada ya kuthibitishwa, utekelezaji huweza kungoja maombi mengine ambayo ombi hilo linayategemea. Watafiti wa Stanford walioipima upya mwaka 2021 walisisitiza jambo hilo hilo, kwamba muda wa kuthibitisha na muda wa kutekeleza ni vitu viwili, na mteja huhisi ule wa pili. Tena, mwaka 2019 Pierre Sutra alionyesha kosa la usalama katika maelezo ya awali ya itifaki hiyo. Lina tiba, lakini linakupa kipimo cha ugumu wa kuiandika upya kwa usahihi.

Kuna moja hukuitaja ambayo mtu anaweza kukushawishi nayo: Flexible Paxos ya mwaka 2016. Heidi Howard na wenzake walionyesha kwamba si lazima kila akidi iwe ya wengi; inatosha akidi ya kuchagua kiongozi ikutane na akidi ya kuandika. Unaweza kuandika kwa seva mbili tu, zote za Dar es Salaam, kwa milisekunde moja ya mtandao. Lakini hapo uchaguzi utahitaji seva nne. Umeme ukizimika Dar es Salaam, zimebaki tatu, na hakuna kiongozi atakayepatikana hadi warudi. Kwa leja ya malipo nisingelala usingizi. Na kwa kuwa seva zote ni zenu, itifaki za kuhimili seva zinazodanganya, zile za ukoo wa PBFT, zitakuongezea duru bila faida.

Limebaki pendekezo la mwenzako. Anasema nakala ziko tano. Ni tano kwa muamala wa jana. Muamala wa sekunde hii una nakala tatu tu, zile zilizotimiza akidi, na ukizima fsync zote tatu zimo kwenye RAM. Mama mmoja wa Kariakoo amelipa mzigo. Seva mbili za Dar es Salaam na ile ya Nairobi zimekiri kupokea, ujumbe mfupi wa uthibitisho umefika kwenye simu ya muuzaji, mzigo umetolewa. Johannesburg bado hawajapata habari. Umeme wa jengo lenu la Dar es Salaam unakatika na jenereta inachelewa. Seva zote mbili zinapowaka tena, logi zao hazina muamala ule. Anayeukumbuka ni Nairobi peke yake. Mmoja wa Johannesburg anagombea, anapata kura yake, ya jirani yake na za wale wawili wa Dar es Salaam, ambao hawana tena sababu ya kumkatalia. Anakuwa kiongozi kihalali kabisa, na kwa mujibu wa kanuni anamwamuru Nairobi afute andiko hilo. Hakuna hitilafu yoyote itakayoandikwa popote. Na si logi tu inayopotea: seva iliyosahau kwamba ilikwisha kupiga kura katika muhula huu inaweza kupiga ya pili, na mkawa na viongozi wawili wa muhula mmoja.

Mweleze pia kwa hesabu, kwa kuwa nia yake ni kupunguza muda. Kwa diski zenye kapasita, fsync itakuwa imebaki na sehemu ya milisekunde moja kati ya zile 16 au 17. Hicho ndicho pekee ambacho kuizima kungewaokolea.